Tulimtunga darasani, sasa wanamtafuta mtaani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama barua za wasomaji huwa mnazipanga kwa zamu basi hii yangu naomba uivushe, maana kuna mtu anaweza kupigwa mpaka afe kwa sababu ya kitu nilichokifundisha mimi kwa mdomo wangu, na kila nikisikia kelele za watu nje ya dirisha la darasa nadhani ndiyo tayari.

Mimi ni mwalimu wa lugha, nafundisha watoto wa umri ule wa katikati, wavulana sauti zimeanza kukwaruza na wasichana wakicheka wanaziba midomo, na nimeajiriwa mwaka huu tu, kwa hiyo bado niko kwenye majaribio. Nilipofika niliwakuta watoto wanaandika insha za namna moja, ukiwapa "Siku nisiyoisahau" kila mmoja anaamka asubuhi na mapema, anapiga mswaki, anakunywa chai, anaaga wazazi, na karatasi inaisha kabla siku yenyewe haijaanza, nikasema hapana, hawa nitawafundisha kutunga hadithi. Mwalimu mkuu aliniambia, "Haya, jaribu, mradi usiniletee matatizo na wazazi," akacheka, na mimi nikacheka.

Niliwaambia wasianzie kitandani, waanzie penye balaa, watumie "mimi" ili msikilizaji aone kama yupo palepale, na kila wanachotunga wakitilie kitu kimoja walichokiona kwa macho yao, maana uongo ukitiliwa kitu cha kweli unamezeka wote. Ndivyo nilivyosema, mshauri, na chaki mkononi, nikijiona hodari. Halafu nikasema leo tutunge pamoja mtu wa kuogopesha, na mikono ikapanda juu kama majani, huyu akasema awe mrefu, yule akasema avae koti refu hata jua likiwaka, mwingine akasema abebe mfuko mrefu unaoweza kumtosha mtoto, mwingine akasema apige mluzi kabla hajakata kona, na wakampa jina Bwana Mluzi, na mimi nikawa naandika ubaoni huku nafurahi jinsi darasa lilivyochangamka. Mimi naishi upande wa pili wa mji, baada ya kengele napanda basi nakwenda kwangu, sikujua kwamba wote walikuwa wanamwona mtu mmoja tu kichwani mwao, na mtu huyo yupo, ni mzee mmoja fundi miavuli, anazunguka mtaa wa shule akitengeneza miavuli iliyovunjika, anapiga mluzi ili watu wajue amefika, na mfuko wake mrefu una vyuma vya miavuli na vitambaa basi.

Hadithi yao iliisha majirani wamemzingira Bwana Mluzi kwenye kona na hakuonekana tena, na mimi nikaipigia makofi.

Aliyechaguliwa kuisoma mbele ya darasa ni msichana tunayemwita Redio, kwa sababu haishiwi maneno, na siku hiyo alisoma kama amezaliwa kwa kazi hiyo, sauti ilitetemeka, kwikwi zikamtoka, hata mimi nywele zilinisimama. Mwenzake wa dawati alikuwa na simu ya dada yake, kinyume cha sheria za shule, akarekodi, na jioni akamtumia binamu yake ili amtishe tu, lakini akakata ule mwanzo unaosema hii ni hadithi ya kutunga ya darasa letu, akatuma pale tu mtoto analia "nilimwona kwa macho yangu, alifungua mfuko akaniambia ingia." Binamu akamrushia rafiki, rafiki akamrushia mama yake, na kabla wiki haijaisha ile sauti ilikuwa kwenye kundi la simu la wazazi wa shule yetu, na maneno juu yake, "Jamani fungeni milango, mtoto huyu ameponea chupuchupu."

Mshauri, hapo ndipo ningesema. Lakini nilisoma jumbe zile zikishuka moja baada ya nyingine, huyu anasema na mimi nimeshamwona anawaangalia watoto, huyu anasema hata mwanangu alipigiwa mluzi, na vidole vyangu vikawa juu ya simu na havikuandika kitu. Kesho yake mwalimu mkuu, ambaye hajui hadithi ile imetoka darasa gani, akawatangazia watoto watembee kwa makundi, na akawatumia wazazi taarifa kwamba shule imechukua tahadhari, basi hata waliokuwa na shaka wakaamini, maana shule yenyewe imesema.

Juzi mchana, watoto wanatoka, fundi akatokea kwenye kona na mluzi wake kama kawaida, na wanaume waliokuwa wanangoja getini wakamzunguka, mbele kabisa mwenye bucha na baba yake Redio, ambaye ni dereva wa lori, mtu wa kifua.

"Mfuko una nini?"

"Miavuli, baba. Na vyuma vyake."

"Fungua!"

Hakuwahi kufungua, waliunyakua wakaumwaga, vyuma vikatawanyika barabarani vikilia, na mtu nyuma akampiga kofi mpaka kofia ikaruka. Akasema, "Niambieni basi nimefanya nini," na mwenye bucha akamwambia, "Watoto unawapeleka wapi?" na yule mzee akabaki anawatazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale. Nilifungua mdomo, nakuapia nilifungua, na mwenye bucha akageuka akaniambia, "Mwalimu, hebu ondoa watoto, haya si ya kwenu," na mimi nikawaondoa watoto, na moyoni nikashukuru kwamba nimepewa kazi ya kufanya.

Wakati nawaingiza ndani Redio alinivuta mkono, uso umemsawajika, akaninong'oneza, "Mwalimu, si tulimtunga sisi? Mbona baba anamtafuta?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Shh, usiwaambie watu hivyo." Tangu hapo mtoto hasemi. Redio mzima hasemi! Anakaa mwisho wa darasa anaangalia mlango, na wenzake nao wameanza kumwogopa mtu waliyemtunga wenyewe, mvulana mmoja amekataa kwenda chooni peke yake, wanaona wazazi wao wanaogopa basi wanadhani labda waliotea kitu cha kweli.

Mume wangu anasema, "Wewe umefundisha, hukumtuma mtu. Nyamaza, kitapita. Ukijitokeza kazi imekwenda na tuna mtoto mchanga ndani." Fundi aliwaponyoka siku ile akakimbia, na sasa nikinyamaza, nasoma kwenye kundi mtu ameandika, "Akionekana tena asiulizwe maswali," na wengine wanaweka vidole gumba. Chumba chake wanakijua, nyuma ya karakana iliyofungwa. Nikisema, naogopa watanigeukia mimi, watasema nimewafundisha watoto uongo, watasema namficha, na nimeona mikono yao, mshauri, nimeiona inavyofanya.  Je, nitume ujumbe kwenye kundi bila jina langu? Niombe uhamisho? Au mume wangu anasema kweli na kitapita? Namba yangu ya simu iko hapo chini, lakini tafadhali usipige saa za kazi.

Ni mimi, mwalimu wao.


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nilikupigia saa za kazi. Nilikuwa nimeshaweka mkoba begani natoka, nikaisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikarudi nikachukua simu, maana barua ya mtu anayelalamika mume anakoroma inaweza kungoja, yako haikuweza. Wasomaji wasishangae basi wakiona hapa nasimulia na yaliyofuata. Nayachapisha kwa ruhusa yako, na kwa ruhusa ya fundi mwenyewe, ambayo nilitaka uiombe kupitia kwa polisi kabla ya kitu chochote.

Kwanza nikugombeze, ndipo tuendelee. Kuwafundisha watoto kutunga si kosa, na mtu asikudanganye kwamba ni kosa. Mtoto aliyejifunza kumfanya msikilizaji atetemeke kwa maneno matupu amejifunza kitu kikubwa. Ulikosea kutouliza. Watoto wanakutajia koti, mfuko na mluzi, wote wanaangaliana na kucheka, na wewe huulizi, "Jamani, huyu mnamjua?" Mwalimu wa watoto wa umri ule lazima anuse. Hilo ni kosa la ugeni, nakusamehe. Lakini kumwambia mtoto "shh"! Mtoto amekujia na ukweli mkononi, akiwa peke yake kwenye mtaa mzima aliyeujua na akawa na ujasiri wa kuutamka, na wewe ukamziba mdomo. Hilo sikusamehe mimi, utamwomba yeye.

Ulipopokea simu ulianza kulia, nikakuacha ulie kidogo, halafu nikakuuliza, "Fundi yuko wapi sasa hivi?" Ukasema hujui. Nikakwambia, nenda ukajue. Si kwenye kundi la simu, si kwa mwalimu mkuu kwanza. Nenda kwa aliye hatarini, na ukiwa njiani mpigie mwalimu mkuu umwambie yote, na umwambie awaite polisi waje na wao. Ukaniuliza, "Na wakinipiga?" Sikukuahidi kwamba hawatakupiga. Nilikwambia tu usiende peke yako. Ukamchukua mlinzi wa shule, na yule mwalimu wa hesabu unayesema hamwelewani. Aliposikia, uliniambia, hakuuliza swali hata moja, alivaa viatu akatangulia.

Mlipofika nyuma ya karakana mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ulibisha. Ulijitambulisha kama mwalimu, na sauti ikatoka ndani, "Mwalimu, watoto wako siwajui. Sijamgusa mtoto." Ukaanza kumwelezea kupitia mlangoni, na ukweli ukakutoka kwa vipande vipande, kwamba ilikuwa hadithi, kwamba wewe ndiye uliyeandika ubaoni.  Kisha akauliza, "Huyo mtu kwenye hadithi yenu, mwishowe wanamfanya nini?"

 Kabla hujamjibu ukasikia pikipiki, na watu wakaingia uani, mwenye bucha, dereva wa lori, na wengine nyuma yao, mmoja ameshika bomba la chuma. Kumbe kuna mtoto alichelewa kurudi nyumbani, alipitia kwa shangazi yake kula, na mama yake alipopiga kelele kwenye kundi, mtaa mzima ulishajua pa kwenda.

Wewe unayejiita mwoga uliwageukia ukabandika mgongo mlangoni.  Ukasema, "Huyo mtu hayupo. Nilimtunga mimi na darasa langu."

Mwenye bucha akasema, "Mwalimu, toka hapo. Sauti ya mtoto tumeisikia wote."

"Mmeisikia nusu. Mwanzo umekatwa."

"Mtoto analia vile kwa hadithi?"

"Analia vile kwa sababu ni hodari! Baba yake huyo hapo. Mpigie mwanao, muulize."

Dereva alisita. Aliyeshika bomba alikuwa anasogea, na mlinzi wenu naye akasogea, na hapo, uliniambia, ulidhani ndiyo mwisho. Lakini dereva akatoa simu. Akampigia Redio, akaiweka watu wote wasikie.

"Mama, ile sauti yako. Yule mtu ulimwona kweli?"

 Mtoto akasema, "Baba, nilikwambia siku ile. Nilikwambia ni hadithi ya darasani."

"Ulisema unakana kwa kuogopa."

"Wewe ndiye uliyesema. Ulisema amenitisha ndiyo maana nakataa."

Nasikia yule baba, mtu wa kifua, alikaa chini kwenye tairi kuukuu la karakana na simu bado iko hewani, mtoto anaita, "Baba? Baba mmempata?"  Bomba likawekwa chini polepole. Polisi walifika baadaye na kuwakuta watu wamesimama hawajui waondokeje.

Fundi alifungua mlango polisi walipozungumza naye. Hakumtukana mtu. Jicho moja lilikuwa limevimba. Dereva alitaka kumshika mkono, fundi akaurudisha mkono wake nyuma. Akakuomba wewe namba yako ya simu, akafunga nguo zake kwenye shuka, akasindikizwa kwenda kwa dada yake. Hakusema atarudi lini, wala kama atarudi.

Sasa sikiliza, maana najua umeanza kujipongeza, na bado.

Mume wako alidhani kitapita kikiachwa. Mwambie mimi nimemwelewa, anaogopa njaa ya nyumba yake, lakini kingepita juu ya mtu. Ujumbe usio na jina ndiyo usahau kabisa. Mtaa uliokwisha kulishwa sauti isiyo na mwanzo hauponi kwa ujumbe usio na mtumaji. Umeshasema kwa jina lako uani pale, sasa sema kwa jina lako kwenye kundi, kwa sauti yako mwenyewe, na hadithi nzima kuanzia neno la kwanza. Waambie waliorusha kipande kile wamrushie kila waliyemrushia na hii. Wengine hawatafanya. Mwenye bucha, naambiwa, bado anasema hamwamini yule mzee, na ukimuuliza kwa nini anasema hajui ila hamwamini. Mtu wa namna hiyo utamkuta siku zote. Usibishane naye kwenye simu. Waachie polisi, wanaye aliyepiga kofi na wanaye aliyebeba bomba.

Mwalimu mkuu amekuita ofisini. Nenda. Usiende kujitetea kwa habari ya mtihani na faida za utunzi, hiyo siku yake itafika. Mwambie ulichofanya, ulichoacha kufanya, na kwamba na yeye aliwatumia wazazi taarifa bila kumuuliza mtu. Liseme hilo la mwisho kwa heshima, lakini liseme. Akikufukuza, niandikie, tutaona. Mpaka naandika hivi hajakufukuza.

Kuhusu uhamisho, hapana. Watoto wale wamekuona unanyamaza, na sasa wamesikia kwamba ulisema. Ukiondoka wiki hii watabaki wanajiuliza lipi kati ya hayo ndilo la mwalimu wao. Kesho ingia darasani uwaambie yote, pamoja na lile la getini. Waache waulize mpaka waishiwe. Wataogopa bado, usiwakataze kuogopa. Yule wa chooni msindikize, usimcheke. Redio mwombe radhi mbele ya wenzake, kwa sababu ulimnyamazisha kwa siri, na usimlazimishe kusoma kitu mpaka atake mwenyewe. Nasikia wanataka kumwandikia fundi barua ya pole. Ni wazo la watoto wazuri, ila kwanza aulizwe kama anataka kupokea kitu chochote kutoka shule ile. Huenda hataki, na ana haki.

Halafu endelea kuwafundisha kutunga. Nimesema endelea. Ila kuanzia sasa wakishamtunga mtu wa kuogopesha, wape kazi ya pili, watembee mtaani na kuuliza ni nani anayefanana naye, na wakimpata wabadilishe koti, wabadilishe kazi, wabadilishe mwendo, mpaka abaki wa kwao peke yao. Ni kazi ngumu kuliko ya kwanza. Wataweza, hao uliowaeleza wewe wataweza.

Unaniambia usingizi bado hauji, na simu ikilia unaruka. Itakuwa hivyo kwa muda. Usiizime kwa sababu hiyo. Fundi aliichukua namba yako na sijui anataka kukwambia nini, huenda ni maneno mazito. Akipiga, pokea, hata kama uko mbele ya mwalimu mkuu, na mwache amalize.